Koki Iliyorudi Mara Mbili

Desmond Pargeter alikuwa mtu mkweli maisha yake yote, mpaka alipotimiza miaka sitini na saba akaanza kusema uongo kwa bisibisi.

Tusimhukumu upesi. Uongo wa mdomo hakuuweza kabisa. Ukimwuliza swali dogo tu masikio yalimwiva mekundu. Alikuwa mchora ramani wa serikali ya jimbo kwa miaka thelathini na minane, na ramani haitaki porojo: mto upo au haupo. Hakuwahi kuoa. Si kwamba hakutaka. Alikosa tu namna ya kuanza mazungumzo, na mazungumzo yasipoanza hayafiki kanisani. Alimtunza mama yake mpaka siku yake ya mwisho, kisha akajinunulia gari, Wendover ya kijani ya mwaka 1964, yenye viti vya ngozi na usukani mwembamba mpana kama ungo. Akajiunga na chama cha magari ya kale cha bonde la Anker. Wenzake walipogundua kwamba anajua mahali pa kuweka nukta na mkato, wakambebesha uhariri wa jarida la chama. Mwaka wa tisa sasa anaubeba.

Oktoba ile gari likaanza kuvuja ndani. Zulia la upande wa abiria lililowa, vioo vikajaa ukungu, na harufu tamutamu ya maji ya rejeta ikamfuata mpaka kwenye koti lake. Kila aliyemwuliza alimpa jibu moja: koki ya hita. Ni kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Upande mmoja maji ya moto yanaingia kutoka kwenye injini, upande wa pili yanatoka kwenda kwenye hita chini ya dashibodi, na katikati kuna kiwambo cha mpira na mkono mdogo wa chuma unaovutwa kwa waya. Ukivuta, unapata joto. Mpira ukizeeka, unapata soksi mbichi. Koki mpya zinauzwa, tena zinang'aa, lakini hazimalizi msimu mmoja wa baridi.

"Usijisumbue kununua," walimwambia. "Mpelekee Enid Brockhurst."

Jina hilo alilijua. Kwa miaka tisa alikuwa akilipanga kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida, tangazo lile lile kila mwezi: "Koki za hita hutengenezwa. E. Brockhurst, Atherstone. Hakuna iliyowahi kurudi." Sura yake hakuijua, kwa sababu Enid hakukanyaga mikutanoni. Alisema wanaume wa chama wanazungumzia magari yao kama wagonjwa wanavyozungumzia matumbo yao, kila mmoja akingoja mwenzake anyamaze.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, Desmond akabisha hodi na koki yake ndani ya kopo la biskuti. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, mwenye miwani mbili: moja puani, nyingine kichwani. Nyuma ya Desmond alikuwa anakuja tarishi na bahasha, na Enid akamsalimia huyo kwanza.

"Weka hapo, kipenzi. Mgongo vipi leo?"

Kisha akamgeukia Desmond. "Na wewe ni nani?"

"Pargeter, Bi Brockhurst. Wa jarida."

"Aa! Wewe ndiye unayeniwekea nukta. Ingia, Bwana Pargeter, unaingiza baridi."

Kazi yake aliifanyia mezani jikoni, kati ya mkate na redio. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye benchi la kiwanda kimoja cha Coventry akiunganisha koki hizo hizo, na kiwanda kilipofungwa aliondoka na vibanio vyake, mhuri wake wa namba, na ujuzi ambao hakuna aliyefikiri kumnyang'anya. Desmond alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa akatazama. Enid aliing'oa koki vipande vipande, akavitupa kwenye sufuria ya siki ya moto mpaka magamba meupe yakaachia, akavisugua kwa mswaki wa zamani. Alikata kiwambo kipya kutoka kwenye mpira mweusi, akakilaza mahali pake kwa kibanio kama mtu anayemlaza mtoto, akakaza skrubu tatu, akachomeka pampu ya baiskeli na kuizamisha koki kwenye beseni la kuoshea vyombo. Akasukuma upepo. Wote wawili wakainama juu ya beseni kutazama mapovu, Enid akihesabu hadi sitini kwa sauti. Hakuna povu lililotoka. Akagonga namba kwenye ule mkono wa chuma: 1187.

"Hii itatuzika wote," alisema. "Chai?"

Chai ilikuwa nyeusi kama lami kabla ya maziwa, na keki ya tangawizi ilikuwa bado vuguvugu. Enid alizungumza. Alimweleza habari za marehemu mumewe Ken, dereva wa lori la makaa, aliyeimba vibaya kwa sauti nzuri. Alimweleza habari za msimamizi wa kiwandani aliyewakataza wasichana kucheka baada ya saa nane. Desmond alicheka. Alijisikia akicheka akashangaa, kama mtu anayesikia simu ikilia katika nyumba aliyodhani haina simu. Alipoangalia saa ilikuwa saa saba na nusu. Waliagana mlangoni, wakasemezana yale ambayo watu husemezana wakiagana, naye akaenda zake.

Gari likawa na joto. Likawa na joto kama tanuri la mwokaji. Wiki mbili Desmond aliendesha huku na huku akiwa amefungua vifungo vya koti, na kila siku akizidi kuichukia ile koki, kwa kuwa ilikuwa nzima.

Mwenye akili atauliza: si angekwenda tu kumsalimu? Angekwenda, ndiyo. Atherstone yote watu wanaingia jikoni kwa watu kila siku bila sababu. Lakini Desmond alikuwa wa wale wanaokufa na tai shingoni. Aliona kwamba mwanamume hawezi kugonga mlango wa mwanamke mjane mikono mitupu na kusema nimekuja. Lazima awe na kitu mkononi, na kitu hicho kiwe kimeharibika.

Novemba ilipofika katikati akafungua boneti, akalegeza skrubu moja nusu mzunguko. Maji yakaanza kudondoka taratibu kwa adabu. Akaing'oa koki, akaitia kwenye kopo, akaenda.

Enid alikunja uso. "Imerudi?"

"Inadondoka kidogo tu," Desmond alisema, masikio yakimwaka.

"Koki zangu hazirudi, Bwana Pargeter." Aliizungusha mkononi. "Ona, skrubu imelegea. Sijawahi kuacha skrubu legevu tangu mwaka sabini na moja, na siku ile nilikuwa na homa." Akaikaza, akaipima majini, kisha akachukua rangi ya njano akatia tone juu ya kila skrubu, kama walivyokuwa wakifanya kiwandani, ili skrubu ikisogea tu rangi ipasuke. Lakini kufikia chai alikuwa amesahau. Alimwonyesha picha za bintiye Lorraine aliyeolewa Bournemouth, akamwigiza tarishi na mgongo wake, na Desmond akala vipande vitatu vya keki. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba pia ina mteremko. Mwezi wa Desemba ulipoingia akafungua boneti tena, akaona yale matone ya njano, akajua skrubu haziguswi. Akasimama pale anafikiri, na ubongo uliochora kila kijito cha jimbo ukamwonyesha njia. Akaleta sindano ndefu ya mama yake ya kushonea sufu, akaipitisha kwenye mdomo wa bomba, akakichoma kiwambo mara moja. Skrubu ni skrubu, alijiambia, lakini mpira ule mtu aliulaza kwa mkono wake. Alijiambia hivyo, kisha akaenda kubadilisha shati.

Safari hii Enid hakukunja uso. Aliipokea koki kimya, akatazama rangi ya njano, nzima, akaifungua. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani, akakiinua kiwambo dirishani kwenye mwanga. Alikitazama muda mrefu.

"Kuna tundu," alisema.

Desmond alikuwa amekwisha kumega keki.

"Tundu dogo, safi. Mpira haukuoza wala haukuchanika." Akaweka kiwambo mezani. "Hii ni ncha ya kibanio. Nimekitoboa mwenyewe wakati wa kukilaza, na sikuona. Nikakipima na sikuona."

"Labda..." alianza Desmond.

"Labda nini?"

Hapo ndipo mahali pake pa kusema. Maneno yalikuwepo, yalikuwa machache, na mtoto wa miaka sita angeyasema. Desmond alimeza keki.

"Labda mpira wenyewe ulikuwa mbovu," alisema.

"Usinipoze, Bwana Pargeter." Alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza akaitazama, mbele na nyuma, kama mtu anayetazama samaki sokoni akiwa hana hakika kama ni wa leo. Kisha akakata mpira mwingine. Kazi ya dakika kumi ilimchukua dakika arobaini. Aliipima majini mara mbili, akihesabu hadi sitini na tena hadi sitini. Chai aliitoa, lakini hakusimulia kitu, na redio ikazungumza peke yake. Desmond aliendesha kurudi nyumbani katika joto zuri kabisa, akijiona mchafu.

Siku kumi na moja baadaye, siku ya Jumatano, alikuta bahasha mlangoni kwake. Mwandiko ulikuwa wa wima, wa mtu aliyezoea kuandika namba.

"Bwana Pargeter, tafadhali ondoa tangazo langu la kila mwezi. Uweke hili badala yake: Bi E. Brockhurst amefunga kazi ya koki kwa sababu mikono na macho yake si ya kutegemewa tena. Zilizokuwa zikingoja zitarudishwa kwa wenyewe kama zilivyokuja. Anamwomba radhi Bwana D. Pargeter, ambaye koki yake ilirudi mara mbili. Ahsante kwa uvumilivu wako na kwa nukta zako. Lorraine amenitafutia chumba Bournemouth, anakuja Jumamosi tuanze kufungasha."

Desmond alikaa kwenye ngazi na koti lake bado mwilini. Akasoma tena pale palipoandikwa anamwomba radhi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, sawa, lakini hiki alichokichimba alikuwa ametumbukia mtu mwingine, tena ametumbukia akiomba msamaha.

Jarida lilipaswa kufika kwa mpiga chapa Alhamisi saa sita mchana. Asubuhi ya Alhamisi aliketi mbele ya kompyuta yake akajaribu njia zote za mwoga. Angeweza kuliacha tangazo jipya na kurudia la zamani. Lakini Enid angebaki akijiona kikongwe. Angeweza kumwandikia barua bila jina. Lakini nani tena Atherstone mwenye koki na sindano? Angeweza kusema ni panya. Alilifikiria hilo la panya kwa dakika nzima, na hilo ndilo lililomtia haya mwenyewe. Akapiga moyo konde, akaitia kompyuta kwenye mkoba, akatoka.

Alipofungua mlango Enid alimtazama mikononi kwanza, akitafuta kopo la biskuti. Uso ulimshuka. "Usiniambie imekufa kabisa."

"Sikuileta. Iko kwenye gari. Nzima."

"Basi umefuata nini?"

"Leo kuna baridi," Desmond alisema.

"Ni Desemba, Bwana Pargeter. Ingia."

Meza ya jikoni ilikuwa imejaa vifurushi. Koki kumi na nne za watu, kutoka Norwe na Uskoti na kwingineko, alikuwa akizifunga tena kwenye karatasi za kaki bila kuzigusa. Vibanio vilikuwa vimefungwa kwenye kitambaa kando ya mlango, pamoja na vitu vya kugawa. Desmond alivitazama vile vibanio, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake.

"Lile tundu," alisema.

"Tumeshalizungumza."

"Hatujalizungumza. Nilichoma kwa sindano."

Enid aliendelea kukunja karatasi. "Sindano gani?"

"Ya sufu. Ya mama. Nilipitisha kwenye bomba, kwa sababu ya ile rangi yako ya njano. Na skrubu ya Novemba ni mimi pia. Ya Oktoba ndiyo iliyokuwa kweli. Kazi yako haijawahi kurudi, Bi Brockhurst. Ni mimi niliyekuwa nikirudi."

Karatasi ikaacha kukunjwa. Enid akashusha miwani ya kichwani, akamtazama Desmond kupitia vioo viwili kama alivyokitazama kiwambo.

"Rudia."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alijua inavyoishia.

"We Pargeter," alisema Enid taratibu, "unajua nimefanya nini wiki hii na nusu? Nimekaa hapa natia uzi kwenye sindano. Natia, nachomoa, natia, kama mwendawazimu, naona kama mkono unatetemeka. Nimekwenda kwa daktari wa macho! Kaniambia, Bi Brockhurst, una macho ya msichana. Nikamwambia ni mwongo. Usoni mwake! Mtoto wa watu, kasoma vile, nikamwita mwongo mbele ya wateja, kumbe mwongo ninaye jikoni kwangu ananimalizia keki!"

"Samahani."

"Wee nyamaza, sijamaliza. Nimempigia Lorraine nikalia. Mimi! Sikulia kiwanda kilipofungwa. Nimemwambia haya, tafuta hicho chumba, mama yako kwisha habari yake. Umenizeesha miaka kumi kwa sindano ya sufu, Desmond Pargeter, na kwa nini? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi ulitaka nini?"

Masikio ya Desmond yalikuwa yamefika rangi ambayo hata ramani hazina. "Chai," alisema.

"Chai?"

"Nilitaka kuja. Sikuwa na sababu ya kuja."

Enid aliketi pole pole upande wa pili wa vifurushi. "Siku ile ya kwanza, pale mlangoni, nilikwambia nini?"

"Ulisema nipite siku yoyote ninywe chai."

"Enhe."

"Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Kila mtu anasema pita siku yoyote. Anayepita kweli anaonekana hana adabu."

"Ni kweli kila mtu anasema," Enid alikiri. "Mwenyekiti wenu ananiambia nipite kila mwaka, na nikipita atazimia. Lakini mimi nilikuwa nasema ili uje. Nilioka Alhamisi ile. Nikaoka na Jumanne iliyofuata. Ile keki uliyoikuta Novemba ilikuwa ya nne, tatu zote amekula tarishi, sasa analalamika suruali."

Furaha na aibu zilimjia Desmond pamoja, zikabanana mlangoni, hakuna iliyotaka kumpisha mwenzake. Enid alitazama tena mikono yake juu ya karatasi za kaki, lakini sasa aliitazama namna nyingine. Alikunja vidole, akavikunjua, akakibana kipande cha uzi kwa ncha za vidole viwili akakinyanyua. Hakikutikisika hata kidogo. Akacheka, kicheko cha kiwandani cha baada ya saa nane, mpaka akavua miwani zote mbili kujifuta macho.

"Ni mizima," alisema. "Mungu wangu, ni mizima."

"Haijawahi kuwa vingine."

"Wewe usinisemeshe, sijakusamehe. Nitakusamehe Jumapili nikipata nafasi. Fungua hivyo vifurushi."

Akavifungua, vyote kumi na vinne, na Enid akavipanga tena kwenye rafu kwa tarehe zake. Vibanio vikatoka kwenye kitambaa. Enid akampigia Lorraine simu, akamwambia aje Jumamosi kama kawaida ila aache maboksi, na aliposikia Lorraine anauliza kumetokea nini akasema, "Nitakueleza ukija. Hapana, si ugonjwa. Ni mwanamume mjinga." Kisha akarudi, akafagia nafasi mezani kwa kiganja.

"Jarida linakwenda lini kwa mpiga chapa?"

"Leo saa sita."

"Sasa hivi ni saa tano na robo. Hicho kilicho kwenye mkoba ndicho unachoandikia? Kitoe. Watu wa posta wanasema, watu wa chama wanasema, nusu ya Atherstone inajua koki ya Brockhurst imerudi mara mbili. Mwenyewe nilikwenda kutangaza buchani. Sasa jina langu utalirudisha ulipolitoa."

"Nitaandika kwamba kulikuwa na makosa."

"Makosa ya nani?"

Alijaribu kutazama kando. Jikoni mwa Enid hamkuwa na kando. "Makosa yangu," alisema.

"Andika hivyo. Kwa jina."

Watu mia mbili na arobaini hulipokea jarida lile, na Desmond aliwajua karibu wote kwa namba za magari yao. Aliwaona akilini wakisoma na kupigiana simu. Alimwona mwenyekiti akisoma kwa sauti kwenye karamu ya mwaka mpya. Hata hivyo alifungua kompyuta, akaanza kupiga herufi kwa vidole viwili, na ajabu ni kwamba kila sentensi ilipokwisha kifua kilikuwa chepesi zaidi kuliko sentensi iliyotangulia. Enid alisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti chake.

"Soma," alisema.

Akasoma: "Koki namba 1187, mali ya mhariri wa jarida hili, ilitengenezwa mwezi Oktoba na Bi E. Brockhurst, na haikuwa na kasoro yoyote. Mwezi Novemba mhariri aliilegeza skrubu. Mwezi Desemba alikitoboa kiwambo kwa sindano. Bi Brockhurst anaendelea na kazi kama kawaida. Hakuna koki yake iliyowahi kurudi kwa kosa lake. Mhariri, Desmond Pargeter, anaomba radhi."

"Vizuri. Lakini watauliza kwa nini."

"Lazima tuseme?"

"Usiposema watasema wao. Watasema ulitaka kunifilisi, au una wazimu. Weka sababu."

Desmond aliiweka mikono kwenye vitufe. Birika lilikuwa limeanza kuimba juu ya jiko. Aliandika maneno mawili, akayafuta. Akaandika "upweke", akalifuta haraka kabla halijaonekana, ingawa lilikuwa limekwisha kuonekana. Mwisho akavuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akaandika sentensi nzima bila kusimama, akajisogeza pembeni ili Enid aione, kwa kuwa kuisoma kwa sauti asingeweza.

Enid aliinama karibu na kioo. "Mhariri alifanya hivyo," alisoma, "kwa sababu alipenda kukaa jikoni kwa Bi Brockhurst."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika hamsini. Desmond aliangalia vitufe, akangoja.

"Hapo umekosea," alisema Enid.

Desmond akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Nitaitoa yote."

"Nani kasema uitoe? Hapa." Kidole chake, imara, kikagusa kioo. "Alipenda. Kwani ameacha?"

"Hapana," alisema Desmond. "Hajaacha."

"Basi sahihisha, mhariri gani wewe."

Desmond akafuta herufi mbili, akaweka mbili nyingine mahali pake.